Siku moja karakanani: meza ya tanki la samaki

Saa 12:30 asubuhi nafungua karakana, hapa Chikongola, Mtwara. Kazi ya leo ni meza ya mninga ya kubebea tanki la samaki la sentimita 120 kwa 40 kwa 50. Likijaa hadi juu ni lita 240, na kila lita ya maji ni kilo moja. Hapo vioo na mawe hujavipima. Kuunga tulishamaliza, imebaki msasa na vanishi. Wengi wakisikia vanishi wanafikiria kung'aa tu.

Saa 1 hadi saa 3 ni msasa: namba 120, 180, kisha 240, kufuata nyuzi za mbao. Vumbi la mninga unalipigia chafya mpaka machozi.

Saa 3 tunaigeuza meza miguu juu. Mbao inakunywa maji zaidi kichwani, pale msumeno ulipokata, kwa hiyo mkono wa kwanza wa vanishi naulegeza kwa thina uzame. Napaka nyayo za miguu, matundu ya skrubu, na ukingo wa tundu la waya kule nyuma. Tundu hilo mafundi wengi wanaliruka, na tone likitoka kwenye tanki linafuata waya wa pampu mpaka hapo hapo.

Saa 4 akaingia mwenye mali, mama mwenye nyumba ya wageni Shangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, mbona miguu iko juu?"

"Napaka chini."

"Chini nani ataona?"

"Maji yataona, mama."

Hakucheka. Alitaka nipunguze hela ya rangi ya chini, maana yeye kaagiza mbele kung'ae. Samaki keshanunua, wako kwenye ndoo. Akampigia mdogo wake Dar, akaweka sauti ya juu ili nisikie kwamba mafundi wa kule wanamaliza kwa siku moja. Nikaeleza: vanishi hii inachanganywa na hadina, dawa ya kuifanya ikauke ngumu, ikikutana na unyevu inatoa viputo, na mawingu yale pale juu ya bahari anayaona. Akaitikia "ehe, ehe", huku kidole kinabonyeza mguu uliopakwa sasa hivi. "Kumbe mbichi!" Alama ikabaki, mistari ya kidole yote unaihesabu. Akaondoka karibu saa 6, na mimi chai sijanywa.

Mchana mvua ikashuka kweli. Kopo la hadina likabaki limefungwa. Tumekaa tunaangalia bati linavyopigwa, kijana wangu akashika silikoni ya kuziba maungio ya ndani, nikamzuia: silikoni ikitangulia, vanishi haishiki juu yake.

Mvua ilipokatika tulisubiri upepo ukaushe hewa, ndipo msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, kitambaa, mkono wa pili. Mgongo umekufa. Mkono wa tatu ni kesho, silikoni baada ya hapo.

Usiku niko kwenye ugali, simu inaita.

"Fundi, meza kesho naichukua?"

"Keshokutwa mama. Ila maji usijaze mpaka wiki ipite, vanishi ikomae."

"Wiki! Na samaki wangu?"

Kimya kidogo. Halafu akasema salio atatuma, ila anakata ile ya rangi ya chini.