Sura ya Riba Tuliyoiandika Upya Darasani

Mwaka jana niliamua kuwafundisha kidato cha tatu hesabu za riba kwa kitabu ambacho wao wenyewe wangeruhusiwa kukibadilisha. Kitabu hicho ni cha hisabati cha darasa la 10 cha Siyavula ya Afrika Kusini, mradi uliochipuka mwaka 2002 pale wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, wakishirikiana na watu wa kujitolea, walipoanza kuandika vitabu vya bure vya sayansi kwa shule za sekondari. Kufikia mwaka 2012 serikali ya huko ilikuwa ikivichapa vitabu vya mradi huo na kuvigawa shuleni. Kilichonivutia zaidi ni leseni yake ya Creative Commons, ambayo kwa toleo lisilo na nembo humruhusu yeyote kunakili, kurekebisha na kusambaza, mradi amtaje mwandishi wa awali. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo husomeka mtandaoni na ninavitegemea, lakini mwanafunzi huvisoma tu, hana pa kuandika kwamba mfano fulani haumwingii akilini.

Sura ya fedha ya kitabu hicho imejaa rand, sarafu ya Afrika Kusini. Niliiweka kwenye wiki ndogo (yaani tovuti ambayo kila msomaji anaweza kuihariri) ndani ya kompyuta yangu, ikasomeka kwenye kompyuta 14 za maabara bila intaneti, nikawagawa wanafunzi 56 katika vikundi vya wannewanne na kuwataka waondoe mifano isiyowahusu, waweke yao.

Kikundi kimoja kilichagua pikipiki ya mkataba. Waliandika kwamba pikipiki ya shilingi 2,600,000 taslimu hukabidhiwa dereva kwa sharti la kupeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa wiki 65, ndipo iwe mali yake, wakapata jumla ya shilingi 4,550,000. Siku mbili baadaye msichana wa kikundi kingine, ambaye kaka yake ni dereva wa bodaboda, alilifuta jibu hilo, akaandika 3,900,000 na kueleza kwamba Jumapili hakuna hesabu, kwa kuwa siku hiyo dereva hujitafutia riziki yake. Wenye mfano wao walikasirika, wakalirudisha jibu la kwanza. Naye akalifuta tena. Kumbukumbu ya ukurasa ilionyesha mabadiliko tisa kwa mchana mmoja, na nusura niufunge. Badala yake niliwaamuru wabishane kwa maandishi kwenye ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko somo lilikofanyika hasa: ziada ya shilingi 1,300,000 ni nusu ya bei, na kwa mwaka mmoja na robo hiyo ni riba sahili ya asilimia 40 kwa mwaka. Kisha mmoja akauliza iweje riba ihesabiwe juu ya bei nzima ilhali deni hupungua kila wiki. Alikuwa sahihi, riba halisi ni kubwa zaidi, nami nililazimika kwenda nyumbani kujiandaa upya.

Sitaficha kwamba kazi hii inachosha. Nilikuwa nikisoma mabadiliko yao hadi usiku, umeme ulikatika mara mbili kabla hawajahifadhi, na kila wiki kulikuwa na wa kuuliza kama haya yatatoka kwenye mtihani wa NECTA, swali ambalo sijawahi kumlaumu mwanafunzi kwa kuliuliza. Wala singeweka kila mada kwenye wiki. Jometri ya duara, kwa mfano, inafundishika vizuri zaidi kwa bikari na ubao.

Muhula huu kidato cha tatu kipya kimeirithi sura ile. Wamekwisha kubadilisha bei ya pikipiki, na sasa wanabishana kama gharama za matengenezo, ambazo dereva huzilipa mfukoni mwake, nazo zihesabiwe.