Mama na karamu ya Babette

Juzi mwanangu aliniuliza, mdomo umejaa ndizi: "Bibi huko mbinguni anakula nini?" Nikamwambia amalize kwanza kilichomo kinywani. Usiku usingizi ukanigomea, nikawa nakumbuka ile Krismasi tuliyomwonyesha Mama filamu ya *Babette's Feast*.

Ni filamu ya Denmark ya mwaka 1987, ya Gabriel Axel, iliyopata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hadithi yenyewe ni ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa kule Ngong, Kenya. Nilijua Mama ataipenda kwa sababu imejaa Walutheri wa kijijini wa karne ya 19, watu wa nyimbo, sala na samaki mkavu, kama wazee wetu wa uamsho. Dada wawili, mabinti wa mchungaji marehemu, wanampokea Babette aliyekimbia machafuko ya Paris ya 1871. Anawapikia miaka mingi bila mshahara. Kisha anashinda faranga 10,000 za bahati nasibu, na ombi lake ni moja tu: awaandalie chakula cha Kifaransa siku ya kumbukumbu ya miaka 100 ya kuzaliwa kwa mchungaji.

Kasa mzima mzima anapoletwa jikoni, dada mmoja anaota moto. Anaamini wamemkaribisha Shetani mezani. Waumini wanaahidiana kula bila kusema neno lolote kuhusu chakula.

Mama hakuwa na haja na wageni. Alitazama jiko. Yeye ndiye aliyepika harusi na misiba ya usharika wetu tangu sijazaliwa. Alisogea hadi ukingoni mwa kochi, na kila kifuniko kilipofunuliwa alinyoosha shingo. Kware walipolazwa ndani ya vikasha vya mkate, kidole chake kilikuwa kinagonga goti, kinahesabu sahani. "Watu kumi na wawili," akasema, "na msaidizi wake ni mtoto." Huku mkono mwingine ukisugua lile kovu la mvuke lililoanzia kifundoni likapanda karibu na kiwiko. Wageni walipoanza kulainika, kusameheana na kushikana mikono, mimi nililia. Mama alikuwa bado anamtafuta Babette.

Mwishoni anaonekana amekaa jikoni, amechoka, fedha zote zimeishia kwenye karamu. Philippa, mmoja wa wale dada, anamkumbatia na kumwambia kwamba huko Paradiso atakuwa msanii mkuu aliyekusudiwa na Mungu, na jinsi atakavyowafurahisha malaika! Nilimtafsiria Mama maneno hayo sauti ikitetemeka. Kwangu hakuna sifa iliyowahi kupita hiyo.

Mama akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hata huko atapika?"

Nikajaribu kueleza habari za usanii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Zaburi inasema, 'Waandaa meza mbele yangu.' Haikusema mimi ndiye nitakayeandaa. Mimi huko nataka kuketi."

Kwenye mazishi yake mzee mmoja wa kanisa alisema Mama amekwenda kuwapikia malaika. Watu wakaitikia amina, wengine wakalia. Nilitamani kusimama nimkatalie. Lakini alisema kwa upendo, na yeye mwenyewe alikula mikononi mwa Mama maisha yake yote.

Halafu nakumbuka kwamba wale dada walipomwambia Babette hakupaswa kutoa vyote kwa ajili yao, aliwajibu kuwa haikuwa kwa ajili yao tu. Mama naye, akionja mchuzi wa msiba saa kumi alfajiri, kabla mtu yeyote hajaamka, alikuwa anafumba macho na kutabasamu. Nilimwona mara nyingi. Ningetaka apewe vyote viwili, kiti na jiko, na aachiwe achague mwenyewe.