Nilivyochagua kitabu cha kusomea mtihani wa LPIC-1 nikiwa Kigoma

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa mizigo, karibu na bandari ya Kigoma. Tuna seva moja inayotumia mfumo endeshi wa Linux, imekaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mhasibu, na ndiyo inayotunza nyaraka za mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo na Burundi. Ikizima, watu wanasimama mapokezi na karatasi mkononi na mzigo hauondoki. Kwa miaka minne niliihudumia kwa kubahatisha: kitu kikiharibika natafuta jibu mtandaoni, nakopi amri, inakubali, naendelea na kazi bila kujua kwa nini imekubali. Nikachoka na hali hiyo. Nikaamua kusomea cheti cha usimamizi wa mifumo, na nikachagua LPIC-1 kwa sababu haikufungi kwenye Linux ya kampuni moja. Ni mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90.

Kuchagua mtihani kulinichukua jioni moja. Kuchagua kitabu kulinichukua miezi, na hapo ndipo nataka kukaa.

Kitabu cha kwanza nilikinunua Dar es Salaam kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika. Kilipakiwa kwenye basi, nikakipokea stendi kimefungwa kwa gazeti. Kinene, sura zimepangwa vizuri, kinabeba mitihani yote miwili. Nikawa nakisoma nyumbani Mwanga kila siku baada ya swala ya isha, wiki sita mfululizo. Karibu wiki nzima niliimalizia kwenye sura ya kuwawekea watumiaji kikomo cha nafasi ya diski, na siku nne nyingine kwenye SQL, lugha ya kuhoji hifadhidata.

Kisha akanipigia kaka mmoja aliyenitangulia chuoni. Yuko Tabora, na cheti hicho anacho. Nikamweleza nilipofika. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, “Mdogo wangu, hebu angalia kwenye jalada, pameandikwa mtihani namba ngapi?”

Nikasoma: 101-400.

“Basi hicho ni cha toleo la nne. Wewe utafanya 101-500. Hizo sura mbili unazonitajia ziliondolewa. Malengo ya mtihani umeyasoma lakini?”

Sikuwa nimeyasoma. Iliniuma sana, na si kwa ajili ya pesa, ni kwa ajili ya zile saa za usiku. Tena kilichokosekana kwenye kitabu kilikuwa kibaya kuliko kilichozidi: toleo la 5.0, lililotoka 2018, limeingiza mambo ambayo seva yetu inayatumia kila siku, kama kupanga kazi za kujirudia kwa systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) na kusimamia mtandao kwa amri ya nmcli. Kitabu changu kilikuwa hakiyajui kabisa.

Kesho yake nikaenda steshenari nikachapisha malengo ya mtihani wa 101. LPI, taasisi inayotoa mtihani huu, wenyewe wanayatoa bure. Ni kurasa chache tu, na kama ningeanza nazo ningeokoa miezi. Kila lengo lina namba yake, linataja amri na mafaili unayotakiwa kuyajua, halafu lina uzito. Uzito ndio nilioukodolea macho. Ukijumlisha wa mtihani wote wa 101 unapata 60, sawa na idadi ya maswali, kwa hiyo lengo la uzito 4 litegemee maswali manne hivi. Mada ya usanifu wa mfumo ina 8. Mada ya amri za GNU na Unix ina 26 peke yake, karibu nusu ya mtihani.

Kuanzia hapo sikuangalia tena jalada wala sifa za mwandishi. Niliweka ile karatasi mezani, nikafungua yaliyomo ya kila mwongozo nilioweza kuupata, nikahesabu kurasa. Mmoja ulikuwa na kurasa zaidi ya 70 za jinsi ya kusimika Linux za aina mbalimbali, picha moja baada ya nyingine, halafu kurasa 40 tu za amri. Nikauweka pembeni. Mtu akiupanga mwongozo wake hivyo, basi karatasi ya malengo hakuiweka mbele yake alipoandika.

Mizani hiyo ilinibakishia miongozo mitatu. Hapo nikafanya jambo ambalo nawashauri wote wanaoniuliza: nilichukua somo moja dogo lililokuwa likinisumbua siku zote, nikalisoma kwenye miongozo yote mitatu usiku huohuo. Nilichagua linki ngumu na linki laini za mafaili, yaani njia mbili za kulifikia faili moja kwa jina jingine.

Wa kwanza ulitoa maana kwa sentensi mbili ukapita. Wa pili uliweka jedwali zuri la tofauti zake, la kukariri. Wa tatu uliniambia nifungue mashine ya majaribio, nitengeneze faili, niliunganishe kwa amri ya ln, kisha niandike ls -li. Nikafanya. Majina mawili, na kushoto kwake namba ya utambulisho wa faili, moja ileile, ndefu, kwenye mistari yote miwili. Baada ya ruhusa za faili kulikuwa na tarakimu 2, idadi ya majina yanayoelekea kwenye faili hilo. Mwongozo ukasema futa jina la kwanza. Nikafuta. Tarakimu ikawa 1, na nilipolisoma lile jina lililobaki, maandishi yangu yalikuwa yote pale. Nikarudia kwa linki laini: nilipofuta faili la asili, linki ikabaki inaelekeza mahali pasipo na kitu.

Nilikaa naiangalia ile tarakimu. Jina la faili si faili. Miaka minne nafuta mafaili kwenye seva ya ofisi na jambo hilo sikuwahi kuliona. Nikajua mwongozo wangu nimeupata.

Ulikuwa ni masomo ya LPI wenyewe, yanayopakuliwa bure kwa PDF, yamepangwa kwa namba zilezile za malengo, na kila somo linaishia kwenye mazoezi yenye majibu yake. Kwa sisi tunaonunua bando, kupakua mara moja ukasoma bila mtandao ni jambo kubwa. Nikaongezea kitabu kimoja cha kununua, cha toleo la 101-500, kwa ajili ya maswali ya majaribio, na umeme ukikatika nasoma hicho kwa taa ya chaji.

Maswali ya majaribio nayo yanataka uangalifu. Si yote ni ya kuchagua. Mengine hayana A wala B, unaandika amri mwenyewe kwenye nafasi iliyo wazi. Mwongozo wenye maswali ya kuchagua tu utakuacha hapo. Na ukienda kwenye RHCSA, cheti cha Linux cha kampuni ya Red Hat, ndiyo kabisa, kule hakuna cha kuchagua, unakabidhiwa mashine unafanya kazi, unatafuta alama 210 kati ya 300.

Kuna kijana alinitumia kwa WhatsApp faili la maswali, akisema ndiyo yenyewe ya mtihani. Nililifungua. Swali la kwanza nililoliona lilihusu umask 022 (mpangilio unaoamua ruhusa za faili jipya), na jibu lililowekewa alama lilisema faili jipya litapata ruhusa 755. Nikajaribu kwenye mashine: ni 644, zile 755 ni za saraka, yaani folda. Nikalifuta, nikamweleza. Kwanza, kutumia maswali ya namna hiyo ni kuvunja makubaliano unayokubaliana nayo kabla ya mtihani. Pili, mimi narudi kwenye seva ile Jumatatu, na seva haiulizi kama nilifaulu. Inasubiri amri iliyo sahihi.

Mtihani nilikwenda kuufanyia Dar, maana sikutaka kuhatarisha kuufanyia nyumbani kwa umeme na mtandao wetu. Basi hadi Dodoma, kisha SGR, na njia nzima ile karatasi ya malengo iko mfukoni, imeshachakaa kwenye mikunjo. Alama za kufaulu ni 500 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Nilipata 640. Swali la linki lilikuwepo.

Sasa nasomea 102. Kile kitabu cha zamani sikukitupa, maana sura zake za vi, programu ya kuhariri maandishi, na za mirija ya amri, yaani kupeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine, bado ni nzuri mno. Nimempa binti wa jirani anayeanza kujifunza kompyuta, nikabana kwa klipu kurasa za kikomo cha diski na za SQL, na mbele kabisa, kabla ya ukurasa wa kwanza, nimemchomekea karatasi mpya ya malengo.