Daulatabad, kwa ajili ya Ibn Battuta

Baba alifundisha historia Kilwa miaka mingi. Alipokuja Pune, India, kunitembelea, mwaka wangu wa mwisho wa masomo, hakuulizia Taj Mahal. "Nipeleke Daulatabad, mwanangu," aliniambia.

Tulipanda basi la usiku hadi Aurangabad, mji ambao siku hizi kwa jina rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar. Asubuhi tukachukua bajaji, zilezile za kwetu, mwendo wa kilomita zipatazo 15. Mlima wenye ngome ya Daulatabad unauona kutoka mbali: jiwe lenye umbo la pia lililosimama peke yake kwenye tambarare, urefu wa mita kama 200.

Wafalme wa Yadava waliuita Devagiri, mlima wa miungu. Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq aliamua makao yake makuu yawe hapa, akawahamisha watu wa Delhi zaidi ya kilomita 1,000. Jina Daulatabad ni lake. Baba alifurahi sana kunionyesha kwamba hiyo "daulat" na "dola" yetu, kwa maana ya utawala, ni neno moja, shina lake Kiarabu.

Kwa sultani huyo ndiko alikofikia Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, akafanywa kadhi wa Delhi. Kabla ya hapo, mwaka 1331, alikuwa Kilwa, kwa Sultani Hasan bin Suleiman. Miaka kadhaa baadaye akafika mpaka kwenye ngome hii, akaandika habari za gereza lake lenye panya wakubwa kuliko paka. Baba amewasimulia wanafunzi panya hao tangu sijazaliwa.

Tulivuka handaki lililochongwa kwenye mwamba. Juu yake, ubavu wa mlima umechongwa ukawa ukuta wima. Hakuna pa kushika wala pa kukanyaga. Njia iliyobaki ni kupita ndani ya mlima wenyewe, kwenye pango linaloitwa Andheri, yaani giza. Na ni giza kweli. Ngazi hazilingani, njia inapinda ghafla, harufu ya kinyesi cha popo inakaba koo. Kijana aliyetuongoza alizima tochi ili tuonje alichokionja adui. Nilisikia popo wakichakarika juu ya vichwa vyetu, kisha mkono wa Baba ukanishika bega. Kijana akatueleza kwamba walinzi waliwasha moto upande wa kutokea, moshi ukajaa humu. Nilitamani tochi iwashwe upesi.

Baada ya hapo ni ngazi na jua tu. Baba alipumzika mara nne kabla hatujafika Baradari, jumba la enzi za mfalme Shah Jahan karibu na kilele. Chini tuliuona Chand Minar, mnara wa karne ya 15, umekuwa mdogo kama mshumaa.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe Baba alikuwa na safari nyingine: Khuldabad, kwenye kaburi la Malik Ambar. Huyu alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akapita mikono ya mabwana kadhaa hadi nyanda za Dekani, huku India, na mwishowe akaushika utawala wa usultani wa Ahmadnagar akiwa na makao yake Daulatabad. Mji tulioshukia asubuhi, Aurangabad, ndiye aliyeuanzisha, mwaka 1610, ukiitwa Khadki. Alifariki 1626.

Hapakuwa na mtu mwingine pale. Baba alivua viatu, akainua mikono, akamsomea Fatiha, polepole, kama anavyomsomea babu.