Koneti ya babu ilivyorudi kulia

Sanduku la babu lilikaa darini miaka yote na sote twajua mna tarumbeta ndani, lakini hakuna aliyeligusa mpaka mvua zilipovujisha dari ikabidi tulishushe. Nkafungua. Imeviringwa kwa kikoi kilichooza, ya kijani kama mwani, na vidude vitatu vya kubonyeza, yani pistoni, havishuki hata kidogo. Kumbe si tarumbeta hasa, ni koneti, fupi fupi hivi na bomba lake lapanuka polepole. Ubavuni imechongwa Hawkes & Son, London. Hawkes na Boosey waliungana 1930, kwa hivo hii ni ya kabla ya hapo, na mimi nikajua hapo hapo siwezi kuirudisha sandukuni. Babu alikuwa mtu wa ngoma ya beni. Beni hapa pwani ilianza miaka ya 1890 hivi, watu wakiiga bendi za askari wa kizungu kwa vyeo na kwata, na hapa Amu (Lamu) mitaa ya Mkomani na Langoni ikishindana kweli kweli. Hichi chombo kilipita usita wa mui, njia kuu ya mji, kikilia, yani siwezi kukiona kama chuma chakavu.

Kosa langu la kwanza nalisema wazi ili mwengine asilirudie. Huku kwetu shaba twasugua kwa ndimu na chumvi ama ukwaju, masinia na mabirika yote, na yang'ara. Nkaipaka koneti ndimu nkaiwacha usiku kucha, asubuhi nakuta mdomo wa mbele una madoa ya rangi ya waridi. Shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki, sasa asidi ikikaa sana zinki yatoka yabaki nyekundu peke yake. Sinia ni nene lavumilia, lakini bati la koneti ni jembamba mno, nusu milimita hivi. Niliumia sana siku hiyo. Ndimu ni dakika mbili tatu na kusuuza, basi.

Nkaenda kwa mzee mmoja sonara, nkamwambia ami, nataka kuzing'oa hizi pistoni kwa koleo. Akaishika mkononi, akainusa, akasema, "Iwate ilale mafutani, ndoo Ijumaa," yani niiwache, nirudi Ijumaa. Nikafanya hivo. Mafuta ya taa nkachanganya na oili ya cherehani, nkatia matone kwa juu asubuhi na jioni, nkaigeuza nkatia na kwa chini pembeni mwa vifuniko. Ijumaa hamna kitu. Ijumaa ya pili kifuniko cha chini cha tatu kikazunguka, nkasukuma pistoni kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa, ikatoka taratibuu, nyeusi tii. Nyingine mbili zikafuata siku hiyo hiyo. Zimegongwa namba 1, 2 na 3, na usizichanganye maana kila moja imesagwa kwa nyumba yake.

Kipulizio nacho kilikuwa kimeshikana na bomba. Hapa nafurahi nkikumbuka: nilinunua barafu ya wavuvi pale gatini, nkakizungushia kipulizio huku bomba linalokishika nalikanda kwa kitambaa cha maji moto, kimoja chasinyaa chengine chapanuka, nkazungusha kidogo kikaachia. Bomba la kurekebisha sauti nalo maji ya birika, halafu kikoi kikipitishwa kwenye kona yake na kuvutwa kwa mshtuko mfupi, si nguvu nyingi.

Ndani sasa. Nyigu wamejenga! Udongo mkavu kama saruji, nkaloweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni siku nzima, nkapitisha kamba yenye tambara mara sijui ngapi mpaka maji yakatoka safi. Halafu nkaziba tundu zote nkapuliza huku imo ndani ya ndoo, mapovu yakatoka pahala pawili, lehemu imeachia. Hiyo sikuigusa mie, sonara aliilehemu kwa moto mdogo kabisa na ukitazama huoni alama. Mibonyeo miwili nimeiwacha, haidhuru sauti na nadhani ni ya babu mwenyewe.

Vitambaa vya manyoya vinavyozuia pistoni zisigonge vilikuwa vimeliwa na nondo, nkakata vipya kwa tarbushi kuukuu, unene ni ule ule karibu. Kile kizibo kidogo cha tundu la kutolea mate nikakichonga kwa raba ya ndara, chaziba vizuri.

Nikapanda darini baada ya alasiri, nkapuliza. Mara ya kwanza hewa tu. Mara ya tatu ikatoka noti moja, nzito, ya duara, si kali kama tarumbeta, na bibi huko chini akanyamaza katikati ya maneno. Alipanda ngazi pole pole, akakaa juu ya mkeka, akasema puliza tena mwanangu.

Sa hii nafanya mazoezi kila siku. Pistoni ya 2 bado yasitasita nkiiwacha siku tatu, hewa ya chumvi haina huruma, kwa hivo kila baada ya Isha natia matone mawili, naifuta nje kwa kitambaa kikavu, nailaza ndani ya kikoi kipya alichonipa bibi.