Alama ya kujumlisha ya babu

Babu alifika ofisini kwetu Mtwara mjini kwa basi la alfajiri kutoka Tandahimba. Stakabadhi ya korosho zake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaikunjua taratibu juu ya meza yangu.

“Mjukuu wangu, simu inasema mimi simo. Korosho nimezipeleka ghalani mwenyewe.”

Ilikuwa Novemba, minada imepamba moto, na mfumo ule wa kuangalia malipo niliuandika mimi. Nikaingiza namba yake kama alivyonitajia, kwa kuanza na sifuri. Jina likatokea palepale, na kilo zake zote. Nikamwomba anionyeshe walivyofanya kijijini. Kijana aliyemsaidia alikuwa ameandika +255. Nikajaribu hivyo: hayumo.

Kwenye kumbukumbu za seva, kompyuta inayopokea maombi ya mfumo, nikaiona kasoro. Namba yake ilifika ikiwa na nafasi tupu mbele, kisha 255. Anwani ya wavuti inayopeleka ombi nilikuwa nimeiunga kwa mkono: alama ya kuuliza, neno simu, alama ya sawasawa, halafu namba vilevile ilivyoandikwa. Sasa, katika sehemu ya maulizo, ile inayofuata alama ya kuuliza, seva nyingi huisoma + kuwa nafasi, desturi iliyotoka kwenye fomu za wavuti. Anayetaka kujumlisha yenyewe ifike sharti aandike %2B. Kwenye njia, sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya kuuliza, + hubaki +, na nafasi huwa %20. Haya nilikuwa nayajua! Ila majaribio yote niliyafanya kwa namba yangu, inayoanza na sifuri, ambayo seva huigeuza yenyewe.

Nikaipitisha namba kwenye encodeURIComponent, amri ya JavaScript inayogeuza + kuwa %2B. Si encodeURI, maana hiyo huiacha + ilivyo. Msimu nao, uliokuwa kwenye njia na ulioandikwa kwa mkwaju (/) katikati, mkwaju wake nikausimba kwa %2F, usije ukavunja njia vipande viwili. Babu alikaa kimya muda wote huo, mkono juu ya stakabadhi. Jina lake lilipotokea kwa +255, aliniomba nimsomee kilo mara mbili.

Nilimsindikiza hadi stendi. Niliporudi nikatafuta kwenye kumbukumbu kila ombi lenye nafasi tupu mbele ya 255. Yalikuwa ya watu kumi na tisa, wote wameambiwa hawamo, na hakuna mwingine aliyepanda basi kuja kuuliza. Nikavuta simu, nikaanza na wa kwanza.