Siku moja na wamama wa mlimani Kabare

Saa 11 alfajiri. Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, bado ni giza na umeme haujarudi tangu jana jioni. Natafuta buti kwa kupapasa, nazipata chini ya kitanda, moja ina tope la juzi ndani. Mama yangu ameshaamka, ananipa chai na kiazi kitamu kilicholala. "Unaenda tena kulima shamba la watu?" Ananiuliza hivyo kila Jumanne. Nacheka, maana nitamjibu nini? Shamba si langu kweli. Si la wamama ninaofanya nao kazi pia, na leo jambo hilo nusura lituharibie siku.

Saa 12 na nusu. Pikipiki inanishusha pale barabara inapogeuka tope, njia iliyobaki napanda Kabare kwa miguu. Ziwa Kivu linaonekana chini, na Bukavu yote imelala kwenye vilima vyake. Mvua zilianza mwezi wa 9, kwa hiyo kila mtu ameshalima, na ukitazama Kabare unaona wekundu mtupu, milima imevuliwa nguo. Haikuwa hivi zamani. Vita vya 1996 na 1998 viliondoka na ng'ombe, samadi ikaisha. Kisha ukaja ugonjwa wa mnyauko wa migomba, na migomba ndiyo iliyokuwa ikifunika udongo kuzunguka nyumba. Kilichobaki ni jembe na muhogo, mwaka hadi mwaka, kutoka juu kwenda chini.

Saa 1 na nusu. Salongo, kazi ya pamoja. Mama prezida, kiongozi wa kikundi, anaita majina: wamama 14, wazee 2, na kijana mmoja aliyetumwa na mama yake aliye na homa. Fremu yetu ya kupimia usawa ni miti miwili ya mkalatusi iliyofungwa kichwani kama herufi A, na mwingine katikati. Kamba inaning'inia toka juu ikiwa na jiwe. Kamba ikigusa alama ya katikati, ujue miguu yote miwili ya fremu iko usawa mmoja, ingawa jicho lako linakataa. Unachomeka kijiti, unageuza fremu, unaendelea. Mlima mzima unapata mstari uliopinda kama nyoka, na hapo ndipo tunachimba mtaro, udongo tunautupa upande wa juu, juu yake tunapanda majani ya tripsakamu ili mizizi ishike.

Mzee mmoja hachimbi, anachonga vijiti tu. Anasema baba yake alichapwa fimbo kwa mitaro hii hii wakati wa Mbelgiji, na uhuru ulipofika watu waliifukia kwa furaha. Mimi simlaumu. Ndiyo maana hapa hatulazimishi mtu: asiyetaka mtaro shambani mwake tunamruka.

Saa 4. Mboji. Hapa ndipo napenda zaidi. Tabaka la mabua makavu, tabaka la titonia mbichi, ile yenye maua ya manjano inayoota kando ya kila njia, halafu mavi ya kobayi (simbilisi, wanyama wadogo wa kufuga), majivu kidogo, udongo, maji, na unaanza tena. Kobayi wanalelewa jikoni, ni wadogo, hata mwizi hawaoni, na kwa aliyepoteza ng'ombe wote ndio samadi iliyobaki. Mama mmoja anachomoa fimbo iliyochomekwa kwenye rundo la wiki mbili zilizopita na kunishikisha ncha. Naiachia haraka. "Inapika," anasema, anacheka. Ingetoka baridi, tungeongeza majani mabichi na maji. Ikitoka na ukungu mweupe, maji hayatoshi. Tunaligeuza. Mvuke unapanda, harufu yake si mbaya kama watu wa mjini wanavyodhani.

Saa 5 na nusu mwenye shamba anafika, na fimbo yake, hata kiti hataki.

Inabidi nieleze. Wamama wengi hapa wanalima kwa bwasa: unalipa, unapewa shamba kwa msimu mmoja, unavuna, unarudisha. Maharagwe, sawa. Mti, hapana, kwa sababu huku Bushi, nchi ya Washi, aliyepanda mti anaonekana kama anadai ardhi. Na sisi tulipanda miti ya kaliandra kwenye mitaro.

"Mwanangu, mliniomba shamba la maharagwe. Hii nayo ni maharagwe?"

Namwambia miti hii inatajirisha udongo. Ananitazama kama mtoto wa shule. Mama prezida ananivuta mkono, anasogea mwenyewe.

"Mzee, miti hii hatuijengei nyumba. Tunaikata, inalisha mbuzi."

"Mti ni mti. Kesho mtoto wako ataniambia ni wa mama yake."

"Basi ukate wewe, Mzee, upelekee ng'ombe wako. Majani yawe yako. Sisi utuachie mizizi."

Mzee ananyamaza. Anachokoa udongo kwa fimbo nyuma ya majani ya mwaka jana, mweusi, laini. Anasema atakuja Jumapili na mwanawe mkubwa, na tulete karatasi.

Tunayo sababu ya kuogopa. Upande wa pili wa mlima tulitengeneza shamba misimu 3, maharagwe yalipoanza kushika, mwenye shamba akalichukua na kumkodisha mtu mwingine kwa bei ya juu. Wafadhili wanapokuja wanahesabu mita za mitaro. Sijamwona hata mmoja akiuliza shamba ni la nani.

Saa 7. Bugali, sombe (majani ya muhogo), sambaza chache, wale samaki wadogo wa ziwani. Tunakula kimya.

Saa 8 mvua inashuka yote kwa pamoja. Tunajibanza chini ya turubai. Inapopungua natoka kuangalia mistari. Shamba la jirani lisilo na mtaro limeshapasuka mfereji wa kuingia mguu. Kwetu maji yamesimama nyuma ya majani, mekundu, na ninapoingiza mkono nagusa tope jipya, limefika karibu shubiri. Mtaro mmoja umebomoka. Tuliuchimba kwa macho, bila fremu, kwa sababu ya haraka. Kosa langu.

Saa 11 jioni nateremka. Mto Kahuwa umejaa, rangi yake ni ile ile ya buti zangu.

Saa 2 usiku umeme umerudi. Naandika karatasi ya Jumapili: majani ya mwenye shamba, mazao ya mlimaji, misimu 4. Nafuta, naandika 6. Nampigia mama prezida kumsomea.

"Andika 10," ananiambia. "Atashusha mwenyewe."